KUH: Kipimo cha amonia kilichoharibika, na maji yangu mliyoyamwaga

Kisumu,
21 Julai 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi Meneja,

Natumai u mzima. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtu aliyefundisha miaka thelathini na miwili hapaswi kuyatia sahihi.

Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua, yamebandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Nitasema tu yaliyonipata chini ya bango hilohilo Jumamosi tarehe 12 Julai, katika tawi lenu la hapa Kisumu. Nilikuja na maji ya tangi langu la samaki kwenye chupa ya nusu lita, risiti, na kipimo mlichoniuzia cha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Ombi langu lilikuwa moja: mhudumu ayapime maji yale kwa kipimo kingine mbele yangu, tulinganishe. Alifungua chupa, akanusa, akayamwaga yote kwenye ndoo ya deki. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni, "Mathe, hapa ni Kisumu. Samaki wa bahari wa nini? Enda ufuoni Dunga ununue ngege wa ziwa, hao hawataki kupimiwa maji." Wateja wakacheka.

Seti ile niliinunua kwenu tarehe 24 Mei, Sh4,800, ndani yake mna vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Kadi ya rangi ya nitrati haikuwemo, nikapewa fotokopi nyeusi na nyeupe. Hebu niambieni, nani hutoa kopi nyeusi na nyeupe ya kadi ya rangi? Lakini hilo nilinyamaza, nikatafuta picha yake kwenye simu.

Tangi langu ni la lita 200. Chumvi naipima kwa rifraktomita, iko 1.025. Joto ni nyuzi 26. pH ni 8.2. Nasema haya kwa sababu mhudumu wenu alidai "pengine mama hajui kuchanganya chumvi". Najua. Najua pia kwamba tangi jipya lazima lipandishe amonia kwanza, bakteria waile iwe nitriti, kisha nitrati, na kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Ndiyo maana nilishangaa kuona kipimo chenu kikitoa rangi ya njano, yaani sifuri, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya tano. Nikapiga simu dukani. Nikajibiwa: "Hiyo ni bahati, mama. Maji yako ni safi. Weka samaki."

Nikaweka. Samaki wanne kutoka Pwani, wamesafiri usiku kucha kwenye mifuko ya oksijeni, wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na wawili wa buluu. Walifika Ijumaa tarehe 4 Julai. Jumapili jioni walikuwa juu ya maji wakihema midomo wazi, mashavu yamekuwa mekundu. Nikapima. Njano. Saa tatu usiku nikapima tena, matone nikiyahesabu kwa sauti, tyubu nimeitikisa, dakika tano kamili kwa saa ya ukutani. Njano. Basi nikatafuta kosa kwingine kote, nikaongeza hewa, nikapunguza taa. Kubadilisha maji sikubadilisha, kwa kuwa kipimo chenu kiliniambia maji hayana neno. Kingesema kweli ningebadilisha nusu ya tangi usiku uleule. Jumatatu alfajiri wawili walikuwa chini mchangani. Jumanne hakubaki hata mmoja.

Mhudumu wenu alisema pia kwamba "amonia kidogo haiui samaki". Kwenye maji yenye pH 7 huenda wakavumilia. Lakini pH ikipanda kwa namba moja tu, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Maji ya bahari hukaa juu ya 8. Mtu anayeuza vifaa vya maji ya chumvi na hajui hilo, anauza nini?

Sasa sikilizeni nilichofanya niliporudi nyumbani kutoka dukani kwenu siku ile. Nilitia kamba mmoja wa baharini ndani ya glasi ya maji ya chumvi, nikamwacha juu ya kabati la jikoni siku tatu. Maji yalivunda hadi mjukuu wangu akahamia sebuleni na daftari zake. Kinachooza hutoa amonia, kwa hiyo nikayapima kwa kipimo chenu. Njano! Njano kama siku ya kwanza. Kijana wangu akanitumia kipimo kingine kutoka Nairobi kwa basi. Maji yaleyale yalitoka kijani kibichi cha kisamvu.

Hapo ndipo nilipokumbuka stika ya bei. Ilikuwa nene. Niliiloweka kwa maji vuguvugu, nikaikwangua kwa ukucha, na chini yake pameandikwa mwisho wa matumizi: 09/2022. Stika hiyo haikujibandika. Halafu boksi zenyewe mmezipanga dirishani, jua la Kisumu linazipiga kuanzia asubuhi, na ndani mna dawa ya jamii ya klorini ambayo hupoteza nguvu kwa joto na kwa kukaa.

Lakini nirudi kwenye ile ndoo, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Sikuja peke yangu. Nilikuja na mjukuu wangu wa miaka minane, aliyewapa samaki wale majina. Ndiye aliyeibeba chupa kutoka Mamboleo, mikono miwili, kwenye matatu, akiogopa isimwagike. Ndiye aliyempa mhudumu wenu chupa ile mkononi. Kijana yule alimtazama mtoto, akafungua kifuniko, akanusa, akamwaga. Maji yaliingia kwenye povu la sabuni. Mtoto akaniuliza, "Dani, kwa nini anamwaga na hajapima?" Sikuwa na jibu. Na ndipo likaja lile la ngege na Dunga, na vicheko, mimi nimesimama na risiti mkononi kama mwombaji.

Nilipoanza barua hii nilitaka Sh4,800 zangu tu. Sasa sitaki hizo peke yake. Nataka Sh4,800 za seti, Sh11,500 za samaki na usafiri wao, na Sh5,200 za kipimo cha Nairobi nilicholazimika kununua ili kuwathibitishia. Jumla Sh21,500. Nataka boksi zote za namna ile ziondolewe dirishani, maana kuna wenzangu ambao muda huu wanatazama rangi ya njano na kushukuru Mungu. Na nataka kijana yule amwombe radhi mjukuu wangu, ana kwa ana, palepale kwenye kaunta. Mimi anaweza kuniruka.

Nawapa siku kumi na nne. Baada ya hapo nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sihitaji wakili na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Kifungu cha 46 cha Katiba nimekisoma, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 pia. Kusahihisha vitabu sikuchoka miaka yote ile; msidhani nitachoka na ninyi. Hakimu nitamletea glasi mbili na kamba mmoja, apime mwenyewe.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za boksi kabla na baada ya kukwangua. Stika yenyewe siwapi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Mamboleo, Kisumu