Kabla hamjakabidhiana funguo: barua kwa wana wa depo

Katuba, Lubumbashi

Kwa wana wangu wote wa depo ya serikali ya dawa na chanjo: shefu anayeondoka na mama shefu anayeingia, mamagazinie wanaotunza stoo, washofere, vijana wa kompyuta, walinzi wa usiku, na ninyi wabebaji mnaolipwa kwa siku ambao majina yenu hayamo katika orodha yoyote.

Jambo yenu. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inayogoma mvua zikikaribia. Habari za uhamisho nimezipata kama ninyi, kwa simu, maana hamjanitoa katika kundi lenu la WhatsApp ingawa nimestaafu, na ninawashukuru. Shefu anapelekwa Kolwezi. Magazinie mkubwa anapumzishwa. Mama anakuja kutoka Likasi, na vijana wawili wapya wametumwa na Divisioni ya Afya. Tangu orodha itoke naona hongera, maua, mikono ya kuomba, picha za shefu amevaa tai. Vizuri. Lakini nimepekua ujumbe wote, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: tunahesabu lini?

Ndiyo sababu nimewaandikia wote kwa wazi, nisimwite mmoja mmoja barazani kwangu. Mtu akihamishwa, hiyo nayo ni kazi ya depo, sawasawa na kupakia kamioni ya Pweto. Ina karatasi zake, ina anayetoa na anayepokea, ina siku yake. Ninyi mmeifanya kuwa jambo la sherehe na minong'ono ya nani amemuweka nani, na mzigo wenyewe, yaani mambo ambayo mtu huyo anayajua, hakuna anayeupokea.

Makabidhiano, ile kitu tunaita remise et reprise, wengi wenu mnaijua kama PV, hati ya makabidhiano, ya kurasa mbili: sahihi, picha na mkubwa wa Divisioni, soda, kwisha. Niliona biro moja, yaani ofisi, sitaitaja, ambako PV ilitiwa sahihi jioni kwenye meza ya baa. Orodha ya mali ilikuwa imenakiliwa kutoka PV ya aliyetangulia, na yeye alinakili ya aliyemtangulia. Hakuna aliyefungua mlango wa depo. Shefu mpya alipoingia akakuta nyuma ya rafu katoni za dawa zilizopitwa na tarehe zamani, na jenereta iliyoandikwa "nzima" haikuwa hata na betri. Wakaguzi walipokuja, sahihi iliyokuwa pale chini ilikuwa yake. Aliyeondoka alikuwa mji mwingine, anajibu kwa simu: mimi niliacha kila kitu sawa, someni karatasi. Na karatasi kweli ndivyo ilivyosema.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye rafu. Kompyuta baadaye. Anayepokea ndiye ahesabu kwa mkono wake, anayeondoka asimame pembeni ajibu maswali, wa tatu aandike. Kila dawa iandikwe na namba yake ya loti, lile fungu la kiwandani, na tarehe yake ya kuisha, maana katoni za amoksisilini zinazoisha mwezi ujao na zile za mwaka kesho haziwezi kuwa mstari mmoja. Mkimaliza rafu, leteni fishi za stoki, zile kadi za kinachoingia na kinachotoka. Mkimaliza fishi, fungueni programu. Vyote vitatu vikipatana, mshukuruni Mungu. Visipopatana, andikeni tofauti ndani ya PV jinsi ilivyo, kwa tarakimu, na wote watatu watie sahihi mbele yake. Mchezo wa kutengeneza boni, ile hati ya kutoa mzigo, yenye tarehe ya zamani ili tofauti imezwe, ninaujua. Nimeuona ukichezwa na watu waliovaa vizuri kuliko mimi. Siku hiyo mlango ufungwe, pasiwe na kupokea wala kutoa isipokuwa dharura, na zoni za afya ziambiwe mapema, gari la Kasenga lisije kulala nje ya geti.

Hapo kwenye friji za chanjo nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nyuzijoto kati ya 2 na 8, hilo hata mbebaji analijua. Lakini naona bado mnaogopa joto peke yake, kwa kuwa jua la Lubumbashi mwezi wa kumi linatisha. Chanjo nyingi mlizo nazo zinauawa na baridi. Pentavalenti (ile ya magonjwa matano), hepatiti B, pepopunda, ile ya nimonia, ile ya polio ya sindano: zikiganda mara moja tu zimeharibika, na zikiyeyuka zinaonekana kama kawaida. Kile kiraka cha chupa, chenye mraba ndani ya duara, kinahesabu joto: mraba ukifikia rangi ya duara au ukaipita, chupa hiyo haitumiki. Kuganda hakikuonyeshi. Kwa kuganda kuna kutikisa, isipokuwa ile ya polio ya sindano, hiyo kutikisa hakuionyeshi. Mnachukua chupa moja ya loti ileile, mnaigandisha kwa makusudi, mnaiyeyusha, mnaitikisa pamoja na ile mnayoishuku, mnaziweka mezani na kutazama. Ile mnayoishuku ikituama haraka kama ile iliyogandishwa, au haraka zaidi, nayo imekwisha.

Sasa, magazinie anayepumzishwa anajua ni friji gani inagandisha chini, upande wa nyuma, na kwa sababu hiyo pentavalenti haziweki pale kamwe. Limeandikwa wapi? PV inasema "friji, hali nzuri". Wiki mbili baada ya yeye kurudi nyumbani, kijana mpya mwenye bidii atapanga friji upya ipendeze macho, na chanjo zitaganda bila mtu kujua, na mtoto wa Mitwaba atachomwa sindano isiyomkinga. Bandikeni karatasi kwenye mlango wa kila friji: tabia zake, ilitengenezwa lini, na nani, kipi kisiwekwe wapi. Aandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hajaondoka.

Na maji ya kuyeyushia chanjo ya surua na ya BCG, ile ya kifua kikuu, yahesabiwe pamoja na chanjo yake, ya kiwanda kilekile. Tumezoea kuyaacha kwenye kona kama maji ya kunywa. Surua ya 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima kufikia mwanzo wa 2020, wengi watoto. Chupa za chanjo zikifika zoni bila maji yake, muuguzi hawezi kufanya lolote, anawaambia akina mama waliotembea tangu alfajiri warudi kesho.

Halafu kuna Jumapili. Joto la friji linasomwa asubuhi na jioni, siku zote saba. Jumapili anasoma nani? Sisi sote tunajua: mlinzi. Mtu ambaye hana hata matrikile, namba ya mtumishi, wale tunaowaita NU, waliopewa kazi ya serikali na hawajaingia katika orodha ya mishahara. Umeme ukikatika usiku wa manane, yeye ndiye anayevuta jenereta. Mazutu, yaani dizeli, ya jenereta iko ndani ya chumba, ufunguo wa chumba uko kwa shefu, na shefu anaenda Kolwezi. Mmenielewa? Mama shefu, siku yako ya kwanza, kabla hujauliza kiti chako kiko wapi, muulize mlinzi huyo jina lake na ufunguo wa mazutu. Kisha jina lake liandikwe ndani ya PV kama mtu mwenye kazi katika mnyororo wa baridi wa chanjo. Najua halitamletea mshahara. Lakini siku Kinshasa itakapotuma watu kuhakiki nani anafanya kazi na nani ni mzimu, karatasi yenye sahihi itamsaidia kuliko machozi.

Shofere mzee pia anakaribia mwisho, ingawa safari hii hayumo katika orodha. Anajua njia ya Mitwaba mwezi wa pili, anajua ni kijiji gani mbele ya Pweto kamioni ilale na nani pale anayelinda mzigo bila kuuiba. Mpeni kijana mmoja akae naye kitini msimu mzima wa mvua. Nimesikia mmekataa kwa sababu posho ya safari ni ya mtu mmoja. Basi ipasueni mara mbili.

Kuna jambo jingine nalisema kwa uangalifu, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mgongoni mwa mama. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa Katanga. Watu walilala katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengine walikufa palepale. Walikuwamo watu wa reli na watu wa migodi, wahasibu, walimu, mafundi. Ubaya wa jambo lile kwanza ni wa kibinadamu, na huo hauna mjadala. Lakini sisi tuliobaki makazini tuliona na jingine: meza zilibaki, madaftari yalibaki, na hakuna aliyejua kuyasoma. Hakuna aliyekabidhi kwa sababu hakuna aliyemwomba akabidhi. Kwa hiyo ninapoona katika kundi lenu mtu ameandika kwamba mama anayekuja "si wa hapa", damu inanichemka. Mwaka 2015 mkoa wetu wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na tangu hapo hata mtu wa Kolwezi mnamwona mgeni! Ujumbe ule ufutwe leo. Na aliyeuandika ndiye atakayempokea mama kituoni na kumbebea mizigo, mwambieni Mzee amesema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama atayaona mambo ambayo ninyi mmeyazoea: ile rafu iliyoinama, ile kamera isiyofanya kazi, ile boni inayotiwa sahihi kabla haijajazwa. Akiuliza kwa nini, msimjibu "hapa tunafanya hivi". Na wewe mama, usibadilishe kitu mwezi wa kwanza isipokuwa kile kinachoharibu dawa. Hesabu kwanza.

Sasa namgeukia magazinie mkubwa, rafiki yangu, tuliobeba katoni pamoja. Ndugu, sheria ya 2016 inajulikana: miaka 65 ya umri, au miaka 35 ya kazi, mtu anapumzika. Na ninajua kwa nini umeikataa barua hiyo moyoni. Umewaona wenzetu waliotoka bila pesa za mwisho wa kazi, wakikaa nje ya biro za serikali na bahasha yenye fotokopi, mwaka baada ya mwaka. Hofu yako ni ya haki, na vijana wanaokucheka kwamba "mzee hataki kuachia" wafunge mdomo. Wao wenyewe wana NU ndani ya nyumba wanaojua njaa ya serikali. Fuatilia faili lako CNSSAP, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, mapema, na shefu anayeondoka akutilie sahihi vyeti vyako vyote vya utumishi kabla hajapanda gari. Hiyo ni sehemu ya makabidhiano yake, nitamuuliza.

Lakini nimesikia pia umesema kwa mtu kwamba neno la siri la programu utalitoa pesa zako zikitoka. Hapana. Pesa zako ziko Kinshasa, na mtoto anayehitaji sindano yuko Kilwa, hawajuani. Ukilificha neno hilo, Kinshasa haitaumia hata kidogo. Watakaoumia ni hawa uliowafundisha, na jina lako ndilo watakalolitaja kila wanapofungua kompyuta. Liandike, litie ndani ya bahasha, mpe mama mbele ya mashahidi, na walibadilishe siku hiyohiyo ili usiku wowote usije kupigiwa simu na polisi.

Vijana wawili wapya, kwenu nina machache. Mmesoma, hilo naliona kwa namna mnavyoandika. Mtaanza kwa kubeba na kuhesabu. Msinung'unike. Na mtu akiwaletea boni ya kutia sahihi akiwa amesimama, akisema gari linangoja nje, mwambieni akae chini.

Mchango wa kumuaga magazinie mmesema ni wa sherehe ya Jumamosi. Sikatai, mzee alishwe, bukari na samaki vipikwe, nami mnihesabu. Lakini hesabu ya depo iwe imekwisha Ijumaa. Ikiwa haijakwisha, sherehe isogezwe wiki moja. Mwanamke wa kupika nimeshazungumza naye, amekubali tarehe zote mbili.

Nitakuja Jumatano asubuhi ikiwa mtanitumia gari. Sitaki kiti cha mbele, sitaki hotuba. Nipeni stuli karibu na friji ya nyuma, na mumwambie mlinzi wa usiku asiende kulala kabla sijafika, nina maswali naye kuhusu ile jenereta.

Mzee wenu,
magazinie wa zamani