Picha hakuna, stori zipo

Mwanangu, marahaba. Barua yako nimeipata na nimeona swali limeandikwa kwa herufi kubwa, PICHA ZIKO WAPI MAMA. Baba yako nae kaniuliza hivyo hivyo. Ziko nne, na mbili ni za dirisha la ndege. Ngoja nikwambie ilikuaje.

Nimetua Istanbul alfajiri, begi halijatua. Nimesimama kwenye ule mkanda mabegi yanazunguka, watu wanachukua vyao wanaondoka, mwisho tukabaki mimi na boksi moja limefungwa kamba ambalo nalo halina mwenyewe. Nikajaza fomu, nikapewa namba, nikaambiwa watapiga simu. Na kikao ni saa tatu asubuhi! Basi nikaenda kuwaona watu wa kiwanda na raba zangu na ile fulana yako ya michezo uliyoisusa, niliivaa niwe huru kwenye ndege, mgongoni namba 7 kubwa hivi. Hamna aliyesema kitu ila kila nikigeuka kuonyesha jambo kwenye mashine nawasikia wananyamaza. Chaja ilikuwa humohumo kwenye begi, na ya hapo mapokezi ilikuwa haishiki vizuri, simu ikawa inakula asilimia chache tu.

Ila lugha ndo imenifurahisha. Kijana wa hotelini, umri kama wa kaka yako, kaniangalia tu akasema "merhaba". Nikashtuka, mtoto huyu ananiitikia marahaba na shikamoo sijampa, tena mkubwa ni mimi! Kumbe kwao ndo salamu ya kila mtu. Nikaanza kutega sikio: dakika ni dakika, saa ni saat, kitabu kitap, kalamu kalem, sabuni sabun. Ni maneno ya Kiarabu yaliyosafiri yakafika kwao na kwetu. Siku ya pili nikajiona mwenyeji kabisa, na hapo ndo nilipopotea, utaona.

Kikao cha pili kiliisha mapema nikakimbilia Hagia Sophia. Jengo limemalizwa mwaka 537, lilikuwa kanisa, 1453 likawa msikiti, baadae makumbusho, na toka 2020 ni msikiti tena. Kuba lake ukiliangalia shingo inauma. Lakini nilichokukumbukia wewe kiko ghorofani, kwenye ukingo wa marumaru, kuna mtu wa wale Waviking kachonga jina lake karne na karne zilizopita, maandishi yamefutika wasomi wameambulia Halfdan. Yaani katoka kaskazini ya mbali huko, kaingia jengo kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, akatoa kisu akaandika jina. Nikakumbuka ile barua ya mwalimu kuhusu dawati lako. Usifurahi, sijasema ulifanya vizuri.

Jirani na hapo unashuka ngazi unakuta tangi la maji la zamani chini ya ardhi, nguzo 336, giza, maji yanadondoka, na mwisho kabisa vichwa viwili vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki mwenye nywele za nyoka, vimewekwa chini ya nguzo, kimoja kimelala ubavu kingine kichwa chini. Nikatoa simu nikupigie picha, ikazima. Pale pale!

Siku ya kuondoka nikaingia kwenye teksi nikasema eapoti, kwa kujiamini, dereva akanipeleka. Kufika kaunta dada kaangalia tiketi, kaniangalia mimi, kaangalia tena tiketi. Ndege yangu inaondokea Sabiha Gökçen, eapoti nyingine, ng'ambo ya Bosphorus, ule mkondo wa bahari unaoukata mji kati ya Ulaya na Asia, upande wa Asia. Mimi niko Ulaya. Nikarudi mbio kwenye teksi, nikamuuliza dereva "dakika? dakika?", akacheka akanyoosha vidole viwili akasema "saat". Hapo nikatamani nisingekijua hicho Kituruki. Foleni imeganda, nimehama bara nimekaa siti ya nyuma nasoma dua zote ninazozijua. Nyie huwa mnanicheka nikitoka nyumbani masaa matano kabla ya safari, basi hayo masaa matano ndo yaliyoniokoa, nimeingia getini watu wa mwisho mwisho.

Jana wamepiga simu kuhusu begi. Limepatikana, wamelipeleka hotelini Istanbul, wananiuliza kama nitapita kulichukua.

Fulana yako nimeifua mara mbili, nakuja nayo siku ya kutembelea.

Mama