Mh. DC, chupa moja ya maji haitoshi

Mheshimiwa DC, shikamoo. Nakuandikia hadharani maana hii ishu ni ya wengi, sisi tunaokaa chini ya mialo ya kuchenjulia dhahabu huku Geita.

Mwaka juzi walikuja wataalamu, siwataji, wakachota chupa moja mtoni, tena kiangazi, baadae tukaambiwa maji safi, yakaisha. Sasa mheshimiwa zebaki, ile tunayokamatia dhahabu mwaloni, haielei ikisubiri kuchotwa, ni nzito kuliko maji mara 13 na ushee, inazama kwenye tope inatulia huko, vijidudu vya tope vinaigeuza inakuwa ile inayoingia kwa samaki, na mama mjamzito akila inafika mpaka kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Na ile inayochomwa inapanda na moshi inashukia shamba la mtu ambaye hata karasha, mashine ya kusaga mawe, hajawahi kuliona.

Tunachoomba ni modeli. Yaani pimeni tope na udongo sehemu nyingi, mwaloni penyewe, mita 100, mita 500, mpaka kwenye majaruba ya mpunga, kiangazi na tena mvua za kwanza zikishuka maana ndo zinasomba marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua), mchanganye na mteremko wa ardhi, upepo na tindikali ya udongo (ikizidi, madini kama risasi yanaachia kirahisi yanafuata maji), halafu kompyuta itoe ramani, kisima hiki kipo njiani, kile hakipo. Ila modeli ya chupa moja ni katuni tu, bora msichore.

Na msiishie kwenye zebaki. Mawe ya dhahabu ukanda huu yanaweza kuwa na asenike, sumu ambayo WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataka isizidi maikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Risasi nayo, sio ya bunduki lakini inaua vilevile, kule Zamfara, Nigeria, 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, mengine kwenye mashine za unga.

Sijasema mfunge mialo, ada za wanangu zimetoka kwenye marudio hayohayo. Nasema kabla ya kibali cha mwalo mpya tuone ramani, ibandikwe ofisi ya kijiji, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, nchi ilisharidhia tangu 2020 kwa hiyo siombi kitu kigeni.

Vuli ikianza vijana wapo tayari kubeba ndoo za sampuli, tupe siku tu.