Filamu za wanyama nazo ziwekwe Kiswahili

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi kati wanangu wamecheki Homeward Bound, ile ya Disney ya 1993, mbwa wawili Shadow na Chance na paka Sassy wanakatiza milima ya Sierra Nevada huko Marekani kuwarudia wenyewe, wanyama wanaongea ila kwa Kiingereza, sasa mdogo kila saa "baba, kasemaje?" mpaka mbwa mzee anatumbukia shimoni mimi nipo kwenye kutafsiri. Tamthilia za Kituruki mbona zinatiwa sauti za Kiswahili fresh tu? Na hii ni rahisi zaidi, midomo ya wanyama hata haichezi! Halafu majirani wanaohama wakaacha mbwa getini (wapo wengi huku) nao waitazame.

Baba wa watoto wawili, Pasua, Moshi