Kezilahabi ana haki yake Tanga

Mhariri,

Juzi katika kikao cha washairi hapa Ngamiani, binti mmoja wa kidato cha tano alisimama kusoma shairi lake kuhusu bibi yake anayeuza samaki. Halikuwa na vina. Hajafika nusu, mzee mmoja akamkatisha: "Hilo si shairi, hayo ndiyo ya Kezilahabi." Watu wakacheka. Binti akakunja karatasi, akakaa.

Mimi sikucheka, ila sikusema kitu pia, na hilo ndilo limenikosesha usingizi hadi nikakuandikia.

Namwelewa yule mzee. Kezilahabi ni mshairi aliyeandika mashairi huru, yasiyofungwa na vina na mizani, na wazee wetu humwita mbomoaji wa ushairi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa barazani, mizani naihesabu hata usingizini. Nilipotiwa mkononi Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, nilitafuta vina nisivione, nikaifunga. Aliyenifungulia tena ni mwalimu wangu wa Kiswahili, ambaye naye alifundishwa na Kezilahabi pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakubishana nami. Alinisomea "Namagondo" kwa sauti, polepole, akatulia. Namagondo ni kijiji cha Ukerewe alikozaliwa mshairi mwaka 1944. Nilichokisikia siku ile ni mtu anayesema kama watu wasemavyo, na bado moyo unashtuka. Ndivyo alivyotaka mwenyewe: lugha ya ushairi ikaribiane na mazungumzo ya watu ya kila siku.

Sasa wazee wangu, nawaomba mnisikilize hapa. Huyu mnayemwita mbomoaji ndiye aliyeandika tasnifu yake ya uzamili, mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Shaaban Robert wetu, wa Vibambani, Machui! Wakati huo marehemu alikuwa na miaka 14 kaburini. Mtu kutoka kisiwa cha Ziwa Victoria alikaa na vitabu vya mtu wa pwani, akavisoma kwa makini ambayo wengi wetu, tunaojivunia jina lake kila siku, hatujayafikia. Adui wa urithi wetu angejisumbua hivyo?

Baadaye alikwenda Wisconsin kwa uzamivu, akarudi Mlimani, kisha akafundisha Botswana miaka mingi. Alifariki tarehe 9 Januari 2020.

Vitabu vyake vingine vinajulikana, sitavirudia vyote. Ila riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 siwezi kuiruka, kwa kuwa nimefundisha mabinti miaka mingi. Iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na wazazi wengine mpaka leo wanaiona ya aibu. Mimi nawaomba waanze na Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu wafuatilie woga ule unampeleka wapi Rosa akishatoka nyumbani. Nimewaona akina Rosa darasani kwangu. Kitabu kile kiliwatetea kabla mimi sijajua namna ya kuwatetea.

Ombi langu si kubwa. Kila tunapokutana kumkumbuka Shaaban Robert, basi mmoja wetu aeleze pia alivyosomwa na Kezilahabi. Maktaba yetu ya mkoa iviweke vitabu vya wawili hao rafu moja, walimu wa sekondari wawapeleke watoto wakavione. Vina na mizani tuendelee kuvifundisha. Mimi mwenyewe sitaviacha.

Na yule binti aitwe tena kikao kijacho. Shairi lake tuliliacha pale bibi anapovuka barabara na beseni kichwani, na mimi nataka kujua kama alifika sokoni.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Ngamiani, Tanga