Mwanangu, sio ulafi

Mwanangu kipenzi, asalam aleikum.

Khaloo yako kanipigia jana usiku, kanambia ile inhela ya kahawia umeificha chini ya mto wiki mbili sasa huivuti, eti watoto wa skuli wamekwambia dawa za pumu ndo zinakunenepesha. Sikulala. Lakini sijakasirika, soma mpaka mwisho, maana mie mwenyewe ndo niliekupa sababu ya kuamini hivo.

Unakumbuka mwaka jana ulilazwa mara tatu, kila ukitoka unapewa vidonge vya prednisoloni, na kila ukivila unaamka usiku unapekua vyungu. Vile ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, vinaingia mwili mzima na vinaamsha njaa, tena ukivirudiarudia ndo zaidi. Mie nikakwita mlafi mbele ya bibi yako. Nisamehe mwanangu. Inhela ya kahawia nayo ina steroidi, ila kiasi kidogo sana na inakwenda kwenye mapafu moja kwa moja kutuliza uvimbe wa njia za hewa, na ukiivuta kila siku ndo unaepukana na vidonge. Ile ya buluu inafungua kifua kwa saa chache tu, uvimbe uko pale pale. Sasa ukiiacha ya kahawia unavirudia vidonge vile vile unavyovikimbia.

Nilimfata dakta nikamuuliza sawasawa, mbona mtoto anahema kuliko wenzake na dawa anazo. Akanambia mafuta ya mwilini hayajalala tu, yanatengeneza homoni, vitu vinavopita kwenye damu kupeleka habari mwilini. Ipo moja inaitwa leptini, imegunduliwa 1994 huko Marekani, kazi yake kuupa ubongo habari kuwa akiba ipo, acha kula. Mafuta yakizidi na leptini inazidi, mpaka ubongo unaizoea hausikii tena, na njaa haikatiki. Na leptini ikiwa nyingi inachochea uvimbe, na kifua chenye pumu kina uvimbe wake tayari. Nyengine adiponektini, hio yenyewe hutuliza, nayo hupungua mtu akinenepa. Halafu tumbo likijaa linasukuma juu, mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka. Ndo maana dawa peke yake saa nyengine haitoshi kwa mtoto mwenye uzito mkubwa. Nilitoka pale nalia njia nzima mpaka Wete.

Maana ulipokuwa na miaka sita nilikukataza kukimbia. Nikiona unahema nakuita barazani nakupa soda na biskuti ukae na mie, watu wakipita wanasema mashallah mtoto kanona, na mie nafurahi. Kumbe mtoto wa pumu akipata dawa yake vizuri anacheza kama wengine.

Jengine ni la mie na wewe tu. Umevunja ungo na miaka 11, usione aibu, wasichana wenye uzito mkubwa mara nyingi hutangulia. Udogoni pumu huwashika zaidi watoto wa kiume, wakishabaleghe inageuka wanawake ndo wanakuwa wengi, na homoni za kike zina mkono wake humo. Wapo ambao kifua huwabana siku chache kabla ya damu. Andika tarehe kwenye daftari, za damu na za kubanwa, tutampelekea dakta.

Sitaki ujinyime kula. Mtoto anaekua hashindishwi njaa. Soda iwe ya sikukuu, asubuhi badala ya maandazi kula muhogo wa kuchemsha au yai, na urojo nnajua ndo raha ya Unguja, kula siku moja moja. Jioni tembeeni na khaloo mpaka Forodhani mrudi, kifua kikibana simama uvute ya buluu. Nimeshamwambia asifukize udi chumba unacholala.

Anaekuletea barua hii ni kaka yako, kaja na boti, na kwenye mkoba wake ipo chupa ya maji ya nusu lita, kitako chake nimekitoboa tundu la kutosha mdomo wa inhela, dakta kanionesha. Tikisa inhela, ichomeke kwenye tundu, mdomo wa chupa uuweke mdomoni, bonyeza mara moja uvute pumzi polepole. Kisha sukutua maji uteme. Anza leo usiku. Ukishavuta nipigie, hata ikiwa saa sita, simu nnalala nayo.

Mamaako