Shangazi, kijana wa vyuma chakavu asubiri kwanza

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unataka chumba cha uani kiwe wazi, mpangaji ameshapatikana, na sikulaumu hata kidogo. Tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, chumba kinacholaza makorokoro ni hela inayolala. Umesema pia kijana wa vyuma chakavu anapita na mkokoteni wake kila asubuhi na ameshauliziaulizia mzigo wa Babu. Nakuomba umwambie asubiri. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua nyumba nyingi hapo mjini, kuanzia Kikuyu mpaka Area C, zina kona kama hiyo yenye redio zilizokufa na spika zisizolia. Na kwa sababu nyingine: kwenye simu hujawahi kuniacha nikamaliza sentensi.

Kijana yule hana kosa, anatafuta riziki. Ila mizani yake inajua chuma, shaba na aluminiamu tu. Kwenye amplifaya ya Babu atataka transfoma kwa sababu imesheheni shaba. Kwenye spika atataka lile pande la sumaku na fremu. Nyaya zitachomwa ili plastiki iondoke, na moshi wake mnaujua hapo mtaani. Bodi yenye vipuri itaishia korongoni, na waya wa kulehemu wa enzi zile ulikuwa na madini ya risasi kwa karibu asilimia 40. Mvua ikinyesha maji yanapita hapo hapo, na kiangazi ndiko watoto wanakochezea mchanga.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa ni lile boksi la kaseti.

Umeliona, liko nyuma ya magunia. Kila kaseti ina mwandiko wa Babu, herufi zilizolala upande mmoja: "Kwaya Krismasi", "Harusi", "Kikao", "Mama anasimulia". Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae kitako pale sakafuni. Ni sauti ya mama yake, nyanya yako wewe, akisimulia kwa Cigogo, na hakuna mahali pengine popote duniani sauti ile ilipohifadhiwa. Nikaigeuza. Kwenye mgongo wa kaseti huwa kuna vijipande viwili vya plastiki, kimoja kila pembe. Vikiwepo, deki inakubali kurekodi juu ya kilichomo. Ukivivunja, kitufe cha kurekodi hakishuki. Babu tunayemjua, aliyerekodi mpira juu ya kwaya na kwaya juu ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania (RTD), kaseti hii alivivunja vyote viwili.

Kwa hiyo deki ile mbovu, ambayo umesema ndiyo ya kwanza kutoka, kwangu mimi ndiyo ya mwisho kutoka. Utaniambia deki za kaseti zipo Majengo, mtu ananunua nyingine. Zipo kweli. Lakini hedi ya deki, kile kidude kinachogusana na utepe, hukaa kwa pembe fulani, na hakuna deki mbili zinazolingana sawasawa. Kaseti iliyorekodiwa na deki hii inasomwa vizuri zaidi na deki hii hii. Ukiiweka kwenye nyingine, sauti nyembamba zinapotea na msemaji anasikika kama amefunikwa blanketi. Fundi anaweza kurekebisha kwa kuzungusha skrubu iliyo ubavuni mwa hedi huku akisikiliza, lakini kwa nini tuanze kubahatisha wakati mashine yenyewe iliyorekodi bado tunayo?

Na ugonjwa wake si mkubwa. Siku ile nilipokuja na fundi wewe ulikuwa kanisani, ndiyo maana hukuona alivyoifanyia. Hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Alikuja na holda ya balbu ya kizamani, ile ya utambi wa kung'aa, akaiunga kwenye waya mmoja wa umeme ili kila kinachokwenda kwenye mashine kipite kwanza kwenye balbu. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na mashine inasalimika. Ya kwetu iliwaka kidogo, ikafifia. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua mfuniko. Ndani mikanda ya mpira ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami, imegandamana kwenye magurudumu. Hicho tu. Aliipangusa kwa spiriti na pamba, akapitisha uzi pale mkanda ulipokuwa ukizunguka ili apate kipimo, akaufunga uzi ule kwenye karatasi na kuondoka nao akatafute mikanda ya saizi hiyo. Injini inazunguka. Hedi imechakaa kiasi, lakini inafaa.

Hapa lazima niusifie mji wetu, maana kila mtu hulisema vumbi la Dodoma kama laana. Kaseti zilizokaa miaka kama hii kwenye unyevu wa Dar huota ukungu mweupe kwenye utepe. Za Babu hazina ukungu hata chembe, kwa sababu hewa yetu ni kavu. Adui wake hapo ni joto la bati, na vumbi likiingia wakati zinacheza. Basi toa boksi lile chumba cha uani leo hii, uliweke ndani ya nyumba chini ya kabati, mbali na spika, kwa sababu sumaku ikikaribiana na utepe inaweza kuharibu kilichorekodiwa.

Deki ikipona nitazihamishia kwenye kompyuta. Waya unatoka nyuma ya deki, unaingia kwenye kompyuta, na programu ya Audacity inapokea. Ni ya bure. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60 hizo hizo, haiharakishwi, kwa hiyo ni kazi ya kukaa na kusikiliza, na hiyo kwangu si adhabu. Saa moja ya sauti isiyobanwa ni kama megabaiti 600, flashi ya kawaida inabeba nyingi. Kila mtoto wa Babu atapata nakala yake.

Amplifaya nayo naitetea, ingawa kwa sauti ya chini zaidi. Ile kukwaruza ukizungusha volyumu, na upande mmoja kunyamaza mpaka uigonge, mara nyingi ni kutu na uchafu kwenye swichi, dawa ya kusafishia inamaliza. Muungurumo ule wa mmm usiokoma ni kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zimekauka, zinauzwa, zinabadilishwa. Kilichobaki ni vyuma vizito vilivyotengenezwa kufunguliwa kwa bisibisi na kurekebishwa. Sabufa unayoiona kila duka leo, ikifa, fundi mwenyewe anakushauri ununue nyingine. Ila tafadhali asije akaifungua huyo mjukuu wako anayependa kuchokonoa: kapasita zile kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Spika mbili kubwa zimechoka. Sponji inayoshika koni ukingoni imekuwa unga, na ndani ya kasha moja nyigu wamejenga nyumba zao za udongo, wameingilia tundu la besi. Fundi alichukua betri ndogo ya redio, akagusisha nyaya zake kwenye spika hiyo ya nyigu, na koni ikaruka na kulia "tap". Maana yake koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ni nzima. Hiyo inabandikwa sponji mpya, nyigu wanahamishwa, kazi imekwisha. Ya pili haikutikisika. Hiyo ni ya fundi, atoe anachotaka.

Mengine nitayapitia haraka. Ile seti yenye maandishi ya Kijapani ni ya volti 100, na umeme wetu ni 230. Yeyote atakayeichomeka ukutani ataona moshi. Hata ikipona, FM yake inaishia 90 wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Mpe fundi, ni spea. Seti ya CD tatu, lenzi imekufa na kuipata nyingine ni mahangaiko, spea nayo. Redio ya mbao ya valvu, zile taa za kioo za kizamani, ni nzuri kwa macho, iweke sebuleni ukipenda, lakini niruhusu niukate waya wake, kwa sababu ndani ya redio zile hupita zaidi ya volti 200 na wajukuu wako hawaogopi kitu. Kinanda cha santuri kinabaki mpaka nizikague santuri. Kuna watu wanaotafuta sana zile ndogo za bendi zetu za zamani, usije ukamwachia mtu kwa bei ya karanga.

Najua kuna ndugu aliyekushauri makasha ya spika yageuzwe meza, na mwingine anataka amplifaya itolewe matumbo yote ichomekewe kadi ya Bluetooth. Kwa seti ya CD sina neno, afanye kabla haijawa spea. Kwa amplifaya nasema hapana: ina matundu ya kuingizia sauti nyuma yake, kifaa cha Bluetooth kinachomekwa kwa nje na haikatwi hata waya mmoja.

Sasa, chumba chako. Jumamosi nakuja na fundi pamoja na bajaji ya mizigo. Vya kutengenezwa vitaondoka, vya spea vitaondoka, na mpangaji anaweza kuingia Jumatatu. Fremu na mabati yatakayobaki ndiyo ya kijana wa vyuma chakavu, tena tumpe bure. Bodi zilizokufa kabisa asipewe, nitazibeba mimi mpaka nipate mkusanyaji mwenye kibali cha taka za kielektroniki.

Limebaki moja ambalo siwezi kuliamua mimi. Ile kaseti ya "Kikao", kwa tarehe iliyoandikwa, ni kikao cha ukoo kuhusu shamba la Mvumi. Baba alikuwepo, wewe ulikuwepo, na najua watu waliondoka hawasalimiani. Nitaihamisha kama nyingine kwa sababu utepe hauchagui cha kuoza, lakini siisikilizi wala simpi mtu nakala mpaka wewe useme. Ukitaka tuisikilize wawili, sawa. Ukitaka ibaki kwenye bahasha na jina lako juu, sawa pia. Nijibu hilo kabla ya Jumamosi, na safari hii tuma maandishi, maana ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja unanimalizia bando.

Mwanao.